Mzee Samahani na Neno Lililokosa Mfano

Alhamisi, tarehe 27 Novemba. Asubuhi manyunyu, mchana jua la kulazimishwa, jioni upepo. Kesho Ijumaa, mhariri wa herufi U wa ofisi yetu ya kamusi anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu mimi ndiye karani wa kadi, na kwa sababu kila siku huandika hali ya hewa na kilichotokea, kwa hiyo hakuna atakayebishana nami kuhusu tarehe.

Jina lake liko kwenye barua ya ajira, na huko ndiko lilikobaki. Sote tunamwita Mzee Samahani. Alilipata wiki yake ya kwanza kazini, alipojigonga kwenye kabati la kadi akaliomba radhi. Dereva akacheka, naye akamwomba dereva radhi kwa kumkatiza kazi. Tangu hapo ameomba radhi kwa milango, kwa viti, kwa simu aliyoipokea ikiwa imeshakatika, na mara moja kwa mwizi aliyekutana naye mlangoni akitoka na mashine yetu ya kuandikia, kwa kuwa alikuwa amemzibia njia. Mwizi aliona haya, akairudisha mezani, akauliza kama kuna kingine cha kubeba.

Kwa wageni watakaosoma ukurasa huu bila kutujua, inafaa nieleze tunavyofanya kazi. Ofisi yetu iko ghorofani, juu ya duka la magodoro. Sakafu ni ya mbao na ina nyufa, kwa hiyo mwuza magodoro akipasua robota la pamba kule chini, sisi huku juu tunapiga chafya kwa zamu. Kila mhariri ana herufi yake, na kila herufi ina kabati lake. Ukutani ipo picha ya Mwasisi, aliyeanzisha kamusi hii, na chini ya picha ziko kanuni zake, ambazo hakuna aliyewahi kuthubutu kuzigusa hata kwa kitambaa cha vumbi.

Kanuni kubwa ni ya mifano. Mwasisi alikataa kabisa mifano ya kutunga. Alisema mhariri anayejitungia mfano ni sawa na mpishi anayejisifia chakula. Mfano ni lazima usikiwe. Mtu aseme lile neno mbele ya mhariri mwenye nalo, kitu chenyewe kikiwepo hapo hapo, na msemaji asiwe ameambiwa. Mfanyakazi mwingine mmoja awe shahidi. Neno likikosa mfano hadi kitabu kinapokwenda kiwandani kuchapwa, linatolewa.

Msione ni kanuni nyepesi. Neno "pengo" lilimgharimu mhariri wa P jino la mbele. Mwenzetu aliyepewa "mbio" alionekana mara ya mwisho akipita sokoni kwa kasi, na posta ikaleta kadi yake kutoka mji wa pili, imejazwa vizuri sana. Mzee Samahani mwenyewe alilipata neno "usingizi" katika kikao cha bodi, na "ubishi" alilipata siku yake ya kwanza bila kuinuka kitini. Namna alivyolipata neno "uchi", Mhariri Mkuu ameniomba nisiandike. Niseme tu kwamba aliomba radhi kwa kila aliyehusika, na kwa majirani.

Kuna kanuni nyingine ndogo, iko chini kabisa ya karatasi, na ndiyo iliyoleta balaa la mwezi huu. Inasema hivi: tendo lililo baya likiombewa radhi kabla kitabu hakijatoka kiwandani, mfano wake haufai tena. Mwasisi aliamini kwamba ubaya ukishaombewa radhi unageuka kuwa kutoelewana, na neno "kutoelewana" tulishalichapa katika kitabu cha K. Tulipoteza "kejeli" kwa njia hiyo. Mtu alijuta mapema.

Basi, herufi U ilikwenda vizuri miaka yote hiyo. Maneno yalijazwa moja baada ya moja, hata yale mazito. "Uadui" alilipata mahakamani. "Uhasama" alilipata kwa vinyozi wawili wanaotazamana barabarani kwetu, ambao hawajasemeshana tangu mmoja alipompa mwenzake kioo kama zawadi ya harusi. "Ugomvi" alilipata nyumbani kwake, kupitia ukuta wa jirani, na mimi nikiwa shahidi na kikombe cha chai mkononi. Likabaki neno moja tu, "ushari".

Hapo ndipo kazi ilipomshinda. Tulikaa vikao vingi kulitafutia maana, na maana haikuwa tatizo. Ugomvi unahitaji watu wawili, ushari unajitosheleza. Uhasama unaweza kukaa kimya miaka na mikaka, ukinywa chai yake. Ushari hauwezi kukaa. Hasira ina sababu, na sababu ina anwani. Mshari hana anwani, anabisha hodi nyumba yoyote. Mhariri wa H, ambaye tunamwita Bwana Hasira kwa kuwa hilo ndilo neno alilolipata upesi kuliko wote, alitaka tuandike kwamba ushari ni hasira isiyo na kazi. Hatukumkubalia, naye akatupa mfano wa pili wa neno lake.

Tatizo lilikuwa mfano. Kupitia ukutani haikufaa, maana nyuma ya ukuta huwezi kujua nani kaanza, na kuanza ndiko ushari wenyewe. Ilibidi Mzee Samahani awepo, aone kwa macho mtu akimwendea mwenzake asiye na hatia. Na popote alipofika Mzee Samahani, amani ilizuka kama moto wa nyika.

Nilikwenda naye bombani, mahali ambapo akina mama walikuwa wanapigana ndoo vichwani kwa ajili ya foleni. Hiyo ilikuwa Machi, joto kali, bila upepo. Tulipofika, mmoja alikuwa ameshainua ndoo. Mzee akatoa kadi na penseli akasema, "Samahani sana, mama zangu. Msinijali. Endeleeni tu."

Yule mama akashusha ndoo. "Karibu, baba. Unataka maji?"

"Hapana, mama. Nasubiri tu."

"Jamani, mpisheni mzee! Hana hata ndoo, maskini!" Wakampisha mpaka mbele. Wakamwazima ndoo. Wakamjazia. Wawili waliokuwa wakipigana ndio walioibeba mpaka ofisini, kila mmoja ameshika upande wake wa mpini, wanaulizana habari za watoto.

Tulikwenda kwa mwenye nyumba mmoja anayeitwa Pilipili, ambaye wapangaji wake hulipa kodi kwa kuitupia dirishani ili wasionane naye. Mzee alipobisha hodi, Pilipili alifungua mlango ameshika fimbo. Saa moja baadaye nilimkuta Pilipili analia begani kwa Mzee, akieleza kwamba utotoni hakuna aliyewahi kumwambia samahani. Kadi ilirudi tupu na bega limelowa.

Mhariri Mkuu, ambaye ni mama mwenye subira kuliko maji ya mtungi, aliamua kutoa tangazo: anatafutwa mshari wa kudumu, mwenye uzoefu. Wa kwanza alikuja amevaa tai, akajibu maswali yote kwa adabu kwa kuwa alitaka kazi, akakosa. Wa pili alimtukana mlinzi, akampiga teke baiskeli ya dereva, akamwambia Mhariri Mkuu kwamba miwani yake inafanana na madirisha ya choo cha stendi. Huyo ndiye tuliyemhitaji. Tulipomtafuta Mzee Samahani aje kuandika, tulimkuta chini mlangoni. Alikuwa anamshikilia mlango mwuza magodoro, ambaye alikuwa anaingiza robota la pamba.

Mwisho dereva alimleta shangazi yake, mama anayeogopwa mitaa mitatu. Hatukumwambia kitu, tulimwambia aje anywe chai. Alipanda ngazi akilaani kila kipandio. Akaingia, akamwona Mzee Samahani ameinuka kumpisha kiti, akageuka kwa dereva.

"Wewe mtoto, umenileta nimgombeze huyu?"

"Hapana, shangazi, umekuja kunywa chai tu."

"Nakujua wewe tangu hujaota meno! Huyu? Mtu akimgombeza huyu si atabaki na kiu yake ya ugomvi?" Kisha akamvua Mzee koti, akakagua kwapa, akasema aibu iliyoje, ofisi nzima ina wasomi na hakuna anayejua kushona. Alikaa mpaka jioni. Koti lilirudi na vifungo vyote, kadi ikarudi tupu.

Tulijaribu pia kuigiza, na hilo nalitaja ili lisije likasemwa na wengine. Mama wa chai na mlinzi walipanga kugombana mbele yake. Mzee aliwasikiliza mpaka mwisho, akawapigia makofi, kisha akamwonyesha mama wa chai kwamba maneno aliyoyaandika kiganjani yameanza kufutika kwa mvuke.

Ndivyo tulivyofika Jumanne, tarehe 4 Novemba. Asubuhi mawingu mazito yasiyonyesha. Mhariri Mkuu alimwita Mzee katikati ya chumba kikubwa, mbele yetu sote, kwa sababu hakutaka kumwambia jambo hilo peke yake.

"Mzee wangu," akasema, "Ijumaa U inakwenda kiwandani. Ushari hauna mfano. Tutautoa."

Bwana Hasira akasema si neno kubwa. Mhariri Mkuu akamjibu kwamba kubwa au dogo, watu watatoka kwenye "ushanga" waingie moja kwa moja kwenye "ushauri", na mtu aliyefanyiwa ushari atafungua kamusi yetu aambiwe hakufanyiwa kitu.

Mzee Samahani alisikiliza ameinamisha kichwa. Hakulalamika. Akasema, "Sawa, mama. Samahani kwa usumbufu." Akarudi mezani kwake, akaiweka kadi mbele yake, akaikunjua pembe iliyokuwa imejikunja. Nilimtazama. Miaka thelathini na mmoja, kabati zima limejaa, na mtu anaondoka akikumbuka droo moja iliyo wazi. Mama wa chai alimwekea kikombe, hakukigusa.

Wakati huo tukasikia miguu ngazini, polepole, na pumzi ya mtu mzito. Ikaja hodi. Alikuwa mwuza magodoro wa chini. Miaka yote hiyo hakuwahi kupanda kwetu, kwa ajili ya goti lake. Alikuwa amesikia kwamba mzee anayemsalimia kila asubuhi anastaafu, na kwa kuwa alikuwa anasafiri kununua pamba, aliona aje mapema. Mkononi ameshika mto wa kulalia, mpya, mweupe, ameufunga utepe. Uso wake ulikuwa unang'aa kama wa bwana harusi.

"Mzee wangu! Nimekuletea kamto."

Mzee Samahani akasimama.

"Nani kakuita?"

Tulidhani hatukusikia vizuri. Hata mwuza magodoro alitabasamu, akidhani ni utani.

"Nakuuliza, nani kakuita humu? Kila siku unapanda ngazi hizi kwa kishindo kama unahamisha makabati!"

"Mimi, mzee wangu? Hii ndiyo mara yangu ya kwanza kupanda."

"Na kwa nini umechelewa?"

Mwuza magodoro alitutazama mmoja mmoja, akitafuta msaada. Mzee alimfikia kwa hatua tatu, akampokonya mto, akaupiga kwenye kabati la herufi U, mara moja, mara ya pili. Mshono ukapasuka. Pamba ikajaa chumbani, na watu wote tukapiga chafya, isipokuwa yeye.

"Kamto! Kamto! Nani kakwambia mimi silali? Njoo chini! Njoo tushuke tukamalizane! Goti lako nitalinyoosha mimi!"

Yule bwana akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Akasema maneno haya, ambayo kuanzia kesho yatakuwa mali ya wasomaji wetu wote:

"Jamani, mimi nimeleta mto tu. Huu ushari wa nini?"

Pamba ilikuwa bado inashuka. Mimi nilikuwa nimeshashika penseli bila kujua nimeishika saa ngapi. Mzee Samahani alisimama na foronya tupu mkononi, na nikaona uso wake unarudi taratibu, kama mtu anayeamka ndani ya nyumba asiyoifahamu. Alirudi mezani. Akaandika ile sentensi kwenye kadi, akaweka tarehe. Kisha akageuka kwa mwuza magodoro na kufungua mdomo. Sote tulijua neno gani linakuja.

Mhariri Mkuu ana umri wa miaka hamsini na nane na hapendi kukimbia. Aliruka meza mbili, akamziba Mzee mdomo kwa viganja vyote viwili. "Usiseme!" alipiga kelele. "Mzee wangu, nakuomba, usiseme! Kitabu hakijatoka!"

Mwuza magodoro aliona mwanamke amemziba mwenzake mdomo, karani anaandika, na dereva anapiga makofi. Akashuka ngazi upesi kuliko goti lake linavyoruhusu.

Mchana huo tulikaa kikao. Bwana Hasira alidai tukio ni lake: Mzee alikuwa na hasira kwa kuambiwa neno lake linatolewa. Mhariri Mkuu akajibu kwamba ingekuwa hivyo, yeye ndiye angepigwa mto. Tukamwuliza Mzee mwenyewe, kwa heshima, kama alikuwa anaigiza. Alifikiri sana.

"Nilimwona amefurahi," akasema. "Alipanda ngazi zote zile na goti lile kwa ajili yangu, na amefurahi. Nikamchukia palepale. Sijui kwa nini. Mto wenyewe ulikuwa mzuri."

Kadi ilipitishwa. Maana ya neno tuliibadilisha kidogo siku hiyo hiyo, na sasa inasomeka: hali ya kumtafutia ugomvi mtu asiyekukosea. Maneno mawili ya mwisho ni ya Mzee. Mimi nilitia sahihi kama shahidi, na mama wa chai akatia kidole, ingawa anajua kuandika, kwa kuwa hakutaka kuliweka birika chini.

Wasomaji wanaweza kudhani kwamba hapo shida iliisha. Hapo ndipo ilipoanza. Kiwanda kiliahidi kitabu kwa siku ya kuagana, yaani kesho. Mpaka kitabu kitoke, Mzee Samahani haruhusiwi kuomba radhi. Mwanamume aliyeomba radhi kwa kabati, amebeba deni la neno moja kwa wiki tatu, na anayemdai anakaa chini ya sakafu anayoikanyaga.

Tulimwona akikonda. Alianza kupitia ngazi ya chuma ya nyuma. Siku walipokutana getini kwa bahati mbaya, Mzee alikuwa amejaza maji mdomoni, kwa tahadhari, akapita mashavu yamevimba, macho yamemtoka. Yule bwana alikuja kuniuliza kama mzee anaumwa jino. Sikuweza kumwambia kitu, maana kanuni inasema radhi ya mjumbe ni radhi. Tulimwuliza Mhariri Mkuu kama angalau tunaweza kumwachia mwuza magodoro ishara, kama vile kumtazama kwa huruma. Alisoma kanuni tena, akasema tusimtazame sana.

Basi Mzee akatafuta njia nyingine. Akaanza kununua magodoro. Alimtuma dereva, alimtuma mlinzi, alimtuma yule shangazi wa dereva, ambaye alikwenda na kupunguziwa bei kabla hajafungua mdomo. Wiki iliyopita mkewe alipanda ofisini kwetu, akasimama mlangoni na mkoba kifuani.

"Nyie watu, mnirudishie mume wangu," akasema. "Nyumba imejaa magodoro. Nikitaka kwenda jikoni naparamia. Jana mjukuu amepotea asubuhi, tumempata saa tisa, katikati ya la tatu na la nne, amelala."

Mhariri Mkuu akampa kiti. "Vumilia, mama. Ni mpaka Ijumaa tu."

"Na usiku halali! Anageukia ukuta anauambia samahani. Nikamwambia, baba watoto, ukuta umekukosea nini? Akasema hafanyi kosa, anajizoeza tu, maana neno hili anaogopa atalisahau." Mama yule alifungua mkoba, akatoa ule mto, ambao Mzee alirudi nao nyumbani umepasuka. Alikuwa ameifua foronya na kuishona upya, na pamba tuliyoiokota sakafuni ameirudisha yote, na kaongeza ya kwake. "Na huu hataki kuulalia. Anasema si wake bado."

Tangu siku hiyo mto uko juu ya kabati la herufi U. Hakuna anayeugusa.

Chini nako mambo si mazuri, ingawa biashara haijawahi kuchangamka kiasi hiki. Jana nilishuka kupeleka kadi za mwaliko wa sherehe. Mwuza magodoro aliisoma yake mara mbili, akaiweka juu ya mizani.

"Dada, mimi mnanialika nikapigwe tena?"

Nikasema hakuna atakayepigwa.

"Biashara sawa, sikatai. Lakini yule mzee mimi nilikuwa nampenda. Kila asubuhi ananisalimia, anamsalimia na paka. Sasa nikisikia miguu yake huko juu nafunga mlango nusu. Mtu mzima kama mimi, naogopa miguu." Alikuna goti lake. "Wewe uko naye kila siku. Nilimkosea nini?"

Kanuni ni kanuni. Nilimwambia sherehe ni saa nne, nikapanda juu.

Sasa nirudi kwenye mambo yanayotakiwa kuwa kwenye wasifu. Katika utumishi wake, Mzee Samahani amejaza kabati zima la herufi U bila kutunga hata mfano mmoja. Amefundisha wahariri wanne, ambao wote leo wanajua kubisha hodi kabla ya kusikiliza. Hajawahi kuchelewa kazini, isipokuwa siku alipomwomba radhi mbwa aliyemkanyaga mkia, na mbwa akawa anamfuata. Ameacha kiti kilichonyooka, penseli zilizochongwa, na droo zote zimefungwa. Mhariri Mkuu amemwandalia cheti, na sisi wafanyakazi tumechanga tukamnunulia redio, baada ya mjadala mrefu kuhusu zawadi yoyote isiyokuwa godoro.

Jambo moja kuhusu ratiba, wageni watusamehe. Mtaona kwamba baada ya kufungua sherehe saa nne haijaandikwa hotuba, pamebaki nafasi tupu. Si kosa la mpiga chapa. Gari la kiwanda limeahidi kufika saa hiyo na kitabu cha kwanza. Mhariri Mkuu atakifungua, atatafuta kati ya "ushanga" na "ushauri", atasoma kwa sauti, kisha atamkabidhi mstaafu. Mstaafu atachukua kitabu kwa mkono mmoja na mto kwa mkono wa pili, naye atashuka kwa ngazi ya mbele. Tunaomba mtu yeyote asimfuate, asimsaidie kubeba, wala asichungulie kwenye nyufa za sakafu, ingawa najua mtachungulia. Hotuba, keki na redio vitasubiri mpaka apande tena, na kama atapanda na mtu mwenye goti bovu, tumeweka kiti cha ziada mbele, karibu na mlango, chenye kitu laini cha kukalia.

Mzee wetu, umelipa kila neno haki yake. Limebaki lako. Nenda kaliseme kwa sauti, mara nyingi kadiri utakavyo, hakuna atakayekuziba mdomo. Ahsante kwa miaka yote. Tunakuombea siku za kupumzika zenye afya, mke asiyeparamia magodoro, na usingizi mzuri kwenye mto ambao sasa utakuwa wako.

Nimemaliza kuandika upepo ukiwa umetulia. Nalala, saa sita na nusu usiku.